Baiskeli, jasho na sadaka: Tuliyojifunza katika njia ya Bungoma

Wahenga wetu walisema kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Lakini hawakutuambia kama moyo huo wapasa kupanda baiskeli kwanza. Hilo ndilo swali lililozuka barazani kwetu Mombasa jioni moja baada ya sala ya Magharibi, nilipotaja kwamba nimealikwa Kitale kushiriki katika msafara wa baiskeli wa kuchangisha fedha, na kwamba nimekubali.

Kahawa ilikuwa bado i moto. Mzee mmoja, ambaye namheshimu kama babangu mzazi, aliweka kikombe chini akaniuliza, "Ewe bwana, hizo pesa zatoka mfukoni au zatoka miguuni?" Watu wakaangua kicheko. Mwengine akakumbusha kwamba tangu mwaka 2007 tuna M-Pesa. Mtu hubonyeza simu akiwa amelala kitandani, na fedha zikafika Bungoma kabla hajageuka ubavu wa pili. Ya nini basi mtu mzima mwenye wajukuu kwenda kujichosha bara, avae suruali ya kubana na kofia kama gamba la kobe, ati anatoa sadaka?

Nilicheka pamoja nao. Nami, sikufichi ndugu msomaji, nilikuwa na shaka hiyo hiyo. Lakini ahadi ni deni, na mpwa wangu asomeshaye Kitale alikuwa amekwisha kuniandikisha. "Mjomba," aliniambia kwa simu, "wewe njoo tu. Ukifika mwisho na bado waona ni upuuzi, basi uandike gazetini."

Nimefika mwisho, na leo naandika. Lakini siandiki kwamba ni upuuzi, wala siandiki kwamba ni jambo jema moja kwa moja. Jambo hili lina pande mbili, na kila upande wastahili kupewa haki yake.

Kwanza tuseme kweli: desturi hii asili yake si ya kwetu. Katika nchi za Ulaya na Marekani ni kawaida mtu kuwaendea jamaa na marafiki akawaambia kwamba ataendesha baiskeli masafa kadha wa kadha, nao wachangie hospitali au shule fulani kwa ajili ya safari yake. Uingereza uko msafara maarufu wa kutoka London hadi Brighton, masafa ya maili 54, ambao tangu mwaka 1980 umechangia shirika la kupambana na maradhi ya moyo. Maili 54 ni karibu kilomita 87, masafa yasiyopishana sana na yale ya kutoka Kitale hadi Bungoma kwa njia ya Webuye. Na tusidhani kwamba ni mambo ya wasio Waislamu tu. Mwaka 2017 Waislamu wanane wa Uingereza walitoka London kwa baiskeli wakaenda mpaka Madina, wakikusanya fedha za kuwasaidia watu wa Syria, kisha wakahiji. Kwa hiyo mtu akiuliza kama Mwislamu aweza kuifanya baiskeli chombo cha kheri, jibu limekwisha kutolewa na watu waliovuka Ulaya nzima kwa miguu yao.

Swali gumu ni jengine: je, kheri hiyo yamfikia nani, na kwa gharama gani?

Tuliondoka Kitale asubuhi ya mwezi wa Desemba, baada ya sala ya Alfajiri. Mtu wa pwani asiyeujua mji huo ajue kwamba uko juu, kiasi cha mita 1,900 kutoka usawa wa bahari, na baridi ya alfajiri huingia mpaka kwenye meno. Mimi niliyezoea jasho la Mombasa nilivaa fulana mbili na koti, na bado mikono ilikufa ganzi kwenye usukani. Upande wetu wa kulia Mlima Elgon, wenye kimo cha mita 4,321, ulikuwa umejifunika wingu kama bibi aliyejitanda buibui. Mashamba yalikuwa yamevunwa, na kando ya barabara mahindi yalianikwa juu ya maturubali, manjano kwa manjano. Trans Nzoia ndiyo ghala ya nchi, na ukipita kwa gari hulioni hilo sawasawa. Ukipita kwa baiskeli hata harufu ya mabua makavu waipata.

Hapo ndipo nilipoanza kuelewa jambo la kwanza. Mwenye kupita kwa gari huiona nchi kama picha ukutani. Mwenye kupita kwa baiskeli huamkiwa. Kutoka Kiminini hadi Kamukuywa, na kutoka hapo hadi Misikhu, sidhani nilipita nyumba kumi pasina mtu kuniita: "Mulembe!" Maana yake ni amani. Nami nikawa naitikia kwa neno lao, na moyoni nikisema, hii ni salamu yetu ile ile kwa ulimi mwengine.

Jambo la pili nilifundishwa na mtu ambaye hakujua kwamba ananifundisha. Tulikuwa twapanda kilima baada ya Kamukuywa, sisi na baiskeli zetu nyepesi zenye gia, pumzi zimetuishia. Nyuma yangu nikasikia mnyororo unalia kwa kukosa mafuta. Akanipita kijana mmoja, ameshuka na kuisukuma baiskeli nyeusi ya chuma, ya aina ile ambayo Kenya nzima huiita "black mamba", na juu ya keria amefunga gunia la mahindi. Gunia la mahindi katika nchi hii ni kilo 90. Alikuwa amevaa kandambili.

"Mzee," akaniuliza, "nyinyi mnashindana?"

"La, mwanangu. Twachangisha pesa za kununulia watoto wa shule baiskeli."

Akafikiri kidogo huku akisukuma. "Sasa hizi mlizopanda si ni baiskeli?"

Sikuwa na jibu. Akaniaga kwa adabu, akaenda zake na gunia lake. Hakuna aliyempiga picha wala kumchangia, ijapokuwa kazi aliyoifanya kwa njia ile ile ilikuwa mara tatu ya yetu. Hata sasa swali lake limo kichwani mwangu.

Kwani baiskeli katika sehemu hizi si mchezo wa Jumapili. Ni katika mji wa mpakani wa Busia, miaka ya 1960, ambako vijana walianza kupakia watu na mizigo kwenye keria na kuwavusha baina ya kituo cha forodha cha Kenya na kile cha Uganda. Kazi hiyo ikapata jina la boda boda, ikaenea Bungoma, Kitale, Kisumu na mbele zaidi. Vijana wengi waliposhwa na baiskeli, wakaoa kwa baiskeli na kusomesha wadogo zao kwa baiskeli. Pikipiki za bei nafuu zilipofurika nchini mwishoni mwa miaka ya 2000, wengi waliacha kupiga pedali. Lakini kwa maskini asiyemudu petroli, baiskeli nyeusi ingali ndiyo gari, ndiyo punda, ndiyo hamali. Basi anapotokea mtu wa mjini akaifanya kuwa ibada ya siku moja, mwenye kuitegemea kila siku ana haki ya kushangaa.

Na sisi watu wa pwani tuna sababu moja zaidi ya kwenda polepole katika njia ile. Bara hiyo si ngeni kwetu. Katika karne ya kumi na tisa misafara ya wazee wetu ilifika Mumias, kusini ya Bungoma, ikitafuta pembe za ndovu. Huko iliacha kanzu, lugha na dini, na Nabongo Mumia mwenyewe aliingia katika Uislamu. Hayo twapenda kuyasimulia. Lakini Kitale, karibu na klabu ya zamani ya masetla, wenyeji humwonyesha mgeni duara la mawe wanalosimulia kwamba ndipo walipofungwa watu waliokuwa wakipelekwa utumwani. Hilo hatupendi kulisimulia. Nililitazama duara lile jioni ya kabla ya safari, nikaona kwamba mtu wa pwani anapokwenda kule kutoa asidhani kwamba amekwenda kama tajiri kwa fakiri. Huenda amekwenda kama mtu mwenye deni la zamani, na mwenye deni hupiga hodi kwa unyenyekevu.

Tulipofika Webuye jua lilikuwa limepanda. Hapo Mto Nzoia hushuka kwa kishindo katika maporomoko ya Nabuyole, na juu yake ndiko iliko Chetambe, ambako mwaka 1895 Wabukusu walijihami ndani ya ngome yao na kupigana na jeshi la Waingereza. Hapo pia ndipo kilipojengwa kiwanda kikubwa cha karatasi kilichoanza kazi mwaka 1974 na kufunga milango mwaka 2009. Fundi baiskeli aliyeniziba pancha kando ya barabara, mtu wa makamo, aliniambia kwamba baba yake alifanya kazi kiwandani humo. "Kilipofungwa," alisema, "mji mzima ulirudi kwenye baiskeli." Nikamlipa, akakataa kuchukua zaidi ya haki yake alipojua kwamba safari yetu ni ya kusaidia shule. Huo nao ulikuwa mchango, wala haukuandikwa katika daftari lolote.

Sasa nifike Bungoma, kwenye jambo lenyewe. Tulipokewa na wanafunzi kwa nyimbo katika shule moja ya kijijini. Hotuba zikatolewa, picha zikapigwa, baiskeli mpya zikakabidhiwa. Nilipokwenda kutafuta maji ya kutilia udhu, mwalimu mkuu, mama mpole mwenye sauti ya chini, alinipitisha ghalani. Mle ndani niliona baiskeli nyengine, zimelundikwa, hazina matairi, minyororo imeshika kutu.

"Hizi nazo ni za nani, Mwalimu?" nikauliza.

"Ni za msaada wa kwanza, Mzee. Watu wazuri walituletea kutoka ng'ambo. Matairi yake ni ya kipimo kisichopatikana madukani huku. Zilitembea muhula mmoja na nusu."

Wala hakulalamika, bali alieleza tu. Kisha akaongeza maneno ambayo naona yapasa kuandikwa juu ya mlango wa kila mwenye kuchangisha: "Kama wangeniuliza, ningewaambia walete chache, na pesa zinazobaki tumlipe fundi."

Ndugu msomaji, hapo ndipo ilipo nafsi ya makala haya. Ubaya wa misafara hii si baiskeli wala suruali za kubana. Ubaya ni kwamba mtoaji hushughulika mno na safari yake mwenyewe hata akasahau kumwuliza anayepewa. Katika msafara wetu nilihesabu magari manne yaliyotufuata, yakiwa na maji, chakula, mpiga picha na vipaza sauti. Fulana zilichapishwa majina ya wafadhili kifuani na mgongoni. Yote hayo yana bei. Nilipouliza ni kiasi gani cha michango kilichotumika kwa mambo hayo, nilijibiwa kwamba hesabu itatolewa. Naandika haya ikiwa miezi imepita, na hesabu hiyo sijaiona. Sisemi kwamba kuna aliyeiba. Nasema kwamba aliyetoa ana haki ya kujua, na aliyepewa ana haki zaidi.

Liko pia lile la riya, ambalo wazee wa baraza walilikusudia kwa kicheko chao. Dini yetu imeruhusu sadaka ya dhahiri na ya siri, na ile ya siri inayomfikia fakiri moja kwa moja ikapewa daraja ya juu. Mtu akipanda baiskeli ili asifiwe, basi sifa ndiyo ujira wake, na amekwisha kuupokea. Nakubali kabisa. Lakini wenzangu wamesahau kwamba si kila kheri yaweza kufanywa kwa siri. Kisima cha mtaa, paa la madrasa, shule iliyo mbali, hivi havijengwi na mkono mmoja uliofichwa. Huhitaji mtu wa kwanza kusimama hadharani na kusema, "Mimi naanza." Sisi wenyewe twafanya hivyo misikitini kila Ijumaa bakuli linapopitishwa. Na neno harambee, kabla halijawa wito wa taifa mwaka 1963, lilikuwa kelele ya watu wa kazi nzito wa pwani yetu wakivuta pamoja. Yule anayepaza sauti ili wengine wavute hafanyi riya, madamu naye ameshika kamba.

Hapa ndipo ninapowajibu wazee wangu. Mliniuliza fedha zatoka mfukoni au miguuni. Zatoka mfukoni, lakini miguu ndiyo iliyouona mfuko unapostahili kufunguliwa. Lau ningetuma fedha kwa simu nikiwa kitandani, nisingelikutana na kijana wa gunia, wala fundi wa Webuye, wala ghala lile la baiskeli zilizokufa. Ningelitoa, nikalala, na tairi lisilopatikana madukani lingebaki siri ya mwalimu mkuu. Sadaka ya mbali ina thawabu zake, lakini haina macho.

Kwa hiyo sisemi misafara hii ivunjwe. Nasema itiwe adabu, na adabu yenyewe ni mambo manne.

La kwanza, gharama za msafara zilipwe na wasafiri wenyewe. Atakaye fulana ainunue, atakaye kulala hoteli ajilipie. Mchango wa mjane usigeuzwe kuwa maji ya chupa ya mwendesha baiskeli. La pili, hesabu ibandikwe wazi mahali pawili: pale michango ilipotoka na pale ilipokwenda. Kama ni msikitini, basi ubaoni. Kama ni shuleni, basi ukutani, kila mzazi asome.

La tatu, mwenyeji aulizwe kabla ya jambo lolote kununuliwa. Mgeni njoo mwenyeji apone, twasema. Lakini mgeni asiyeuliza humwachia mwenyeji mzigo. La nne, kila chombo kinachotolewa kiandamane na fundi na vipuri vyake. Jambo hili lawezekana. Shirika la World Bicycle Relief, lililoanzishwa mwaka 2005 baada ya maafa ya tsunami ya Desemba 2004, liliweka Kisumu karakana ya kuunganisha baiskeli nzito ziitwazo Buffalo, zenye keria ya kubeba kilo 100, na likashika desturi ya kufundisha mafundi wa vijijini pamoja na kugawa baiskeli. Nao hutoa sehemu kubwa ya baiskeli za shule kwa wasichana, kwa kuwa wao ndio wenye kazi za nyumbani kabla ya shule na hatari za njiani baada yake. Hao walijua kwamba baiskeli isiyo na fundi ni chuma chakavu kinachongoja siku yake.

Na je, sisi huku pwani? Tusikae barazani tukiwacheka wa bara. Tunao vijana wenye nguvu na barabara iliyonyooka kutoka Mombasa hadi Malindi. Wala tusiseme baiskeli si yetu: David Kinjah, aliyemfunza Chris Froome kabla hajashinda Tour de France mara nne, ni mzaliwa wa sehemu za Lamu. Lakini tukiandaa msafara wetu, tuanze na swali la yule mama wa Bungoma. Twende kwanza kwa walimu wa Ganze na Magarini tukawaulize ni nini wanachokitaka. Huenda si baiskeli. Huenda ni tangi la maji, au mshahara wa mwalimu mmoja wa watoto wadogo. Tukishajua, ndipo tupande.

Juzi mpwa wangu alinipigia simu. Waalimu na wazazi wa shule ile wamekubaliana kumleta fundi mara moja kwa wiki, na baiskeli kadha kati ya zile za ghalani zimetengenezwa kwa kubadilishwa magurudumu mazima, yakawekwa ya kipimo cha huku. Wamechanga wenyewe, kidogo kidogo, haba na haba. Akaniuliza, "Mjomba, nawe utatia mkono?"

Nilitia. Safari hii nilituma kwa simu, nikiwa nimeketi barazani na kikombe cha kahawa mkononi, na yule mzee aliyenicheka akanitazama, akasema, "Sasa hizi zatoka wapi?" Nikamwambia zatoka mfukoni, lakini njia zaijua. Akanyamaza kidogo, kisha akatoa noti mbili kwenye mfuko wa kanzu akanipa. "Watumie na hizi," akasema. "Wala usinitaje jina."

Nami sikumtaja.